Waliotufundisha sokwe mtu walisomea nini?

Hakujapambazuka bado. Watu wawili wanapanda kilima wakiwa na tochi, begi la mgongoni, fomu na daftari. Jana jioni walimwacha sokwe mtu mmoja akikunja matawi kujitandikia kitanda juu ya mti. Sasa wamerudi chini ya mti uleule na kukaa kimya mpaka aamke. Akishuka, nao wanainuka. Watamfuata kutwa nzima, makorongoni na kwenye vichaka vya miiba, hadi atakapotandika tena jioni. Mmoja anajaza fomu: kila baada ya dakika 15 anaandika mnyama yuko wapi na yuko na nani. Mwenzake anaandika masimulizi ya yote yanayotokea, kwa Kiswahili.

Kazi imekwenda hivyo tangu miaka ya 1970 katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kaskazini kidogo ya Kigoma. Ni ukanda mwembamba wa milima na mabonde kando ya Ziwa Tanganyika, nchi kavu yake haizidi sana kilomita za mraba 35. Karatasi zilizojazwa humo ndizo zilizozaa sehemu kubwa ya mambo ambayo dunia inafundishwa kuhusu sokwe mtu: mama anavyolea, madume wanavyogombea ukubwa, kundi linavyovamia kundi jirani. Lakini uliza darasani ni nani aliyetufundisha hayo, utatajiwa jina moja tu, Jane Goodall. Uliza tena alisomea nini, wengi watakwambia zuolojia. Jibu la kwanza limepunguka, na la pili si kweli. Kwa kijana anayependa wanyama lakini hakubahatika alama za sayansi, makosa hayo mawili yanaweza kumfungia mlango aliokuwa na haki ya kuugonga. Ndiyo maana nataka tulifungue fundo hili bila haraka.

Tuanze na Goodall mwenyewe. Alizaliwa London mwaka 1934 na kukulia Bournemouth, pwani ya kusini ya Uingereza. Alipomaliza shule, kwao hakukuwa na fedha za kumpeleka chuo kikuu, akapelekwa chuo cha makatibu muhtasi. Alijifunza kupiga chapa na kuandika hati mkato. Akafanya kazi ya ofisi Oxford, kisha katika kampuni ya filamu London, na alipoalikwa na rafiki kwenda Kenya alirudi nyumbani kufanya kazi ya kuhudumia wateja mezani hadi nauli ya meli ikatimia. Alifika mwaka 1957.

Nairobi alikutana na Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, mzaliwa wa Kabete, mtoto wa wamisionari, aliyekizungumza Kikikuyu kama mwenyeji. Leakey alikuwa anasimamia Makumbusho ya Coryndon na alihitaji katibu. Alimwajiri Goodall kwa kazi hiyohiyo aliyoisomea, akaenda naye hadi bonde la Olduvai kuchimba mabaki. Huko ndiko alikotambua kwamba katibu wake ana macho yanayoona na subira isiyochoka. Alikuwa ameshaamua kutafuta mtu wa kuwachunguza sokwe mtu porini kwa muda mrefu, na hakutaka msomi aliyejazwa nadharia za vitabuni. Alitaka mtu atakayeandika anachokiona, si anachotarajia kukiona.

Hapa wengi hurukia hitimisho kwamba Goodall aliingia msituni mikono mitupu. Haikuwa hivyo. Kabla ya kutumwa, alirudi London na kufanya kazi katika bustani ya wanyama, huku akijifunza kwa wataalamu wawili wa maumbile ya jamii ya nyani, Osman Hill na John Napier. Aliporejea Afrika Mashariki, na kibali cha kwenda Gombe kikachelewa, Leakey alimpeleka kwanza kisiwa cha Lolui, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, ajaribu mkono kwa kuwachunguza tumbili. Kwa hiyo shahada hakuwa nayo, mafunzo alikuwa nayo. Na ufundi wake wa ukatibu haukupotea hata kidogo. Kazi ya sokwe, ukiondoa kupanda milima, ni kazi ya kumbukumbu: kuandika bila kukoma, kupanga karatasi usiku, kujua jambo la leo lilitokea pia siku gani. Mtu aliyezoea kunakili maneno ya bosi bila kuongeza lake ameshajifunza nusu ya nidhamu ya mtafiti.

Fedha nazo zilitoka mahali pasipotarajiwa. Miezi sita ya mwanzo ililipiwa dola 3,000 na Leighton Wilkie, Mmarekani wa Illinois aliyekuwa na biashara ya mashine na zana za viwandani na aliyevutiwa na chimbuko la zana za binadamu. Tutaona baada ya muda mfupi jinsi fedha hizo zilivyopata majibu.

Goodall alitua Gombe tarehe 14 Julai 1960, na hakutua peke yake. Serikali ya kikoloni ilikataa binti akae porini bila mwenzi wa Kizungu, basi mama yake, Vanne, akafuatana naye. Pamoja nao alikuwepo Dominic, mpishi. Walipofika Kigoma mji ulikuwa umefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo, iliyokuwa imepata uhuru wiki mbili tu zilizopita, na kazi ya kwanza ya msafara huu wa utafiti ikawa kusaidia kuandaa mikate 2,000 ya nyama ya kopo kwa ajili ya wakimbizi.

Vanne hakuwa mganga wala muuguzi. Lakini alifungua zahanati ndogo kambini, akawa anasafisha vidonda vya wavuvi kwa maji ya chumvi na kugawa dawa za kawaida. Mzee mmoja aliyekuwa na vidonda vibaya mguuni alipona, habari zikaenea pwani nzima. Jambo hili naliweka juu kuliko wengi wanavyoliweka. Utafiti wa wanyama hauendi bila ridhaa ya majirani, na ridhaa ile haikuletwa na barua ya mkuu wa wilaya. Ililetwa na mama mmoja na beseni lake la maji ya chumvi. Dominic naye, mama na binti walipolazwa na malaria kwa wakati mmoja, ndiye aliyewashika mkono.

Na msituni kulikuwa na Rashidi Kikwale, mwenyeji aliyemwongoza Goodall katika siku za mwanzo. Njia za mabonde ya Kakombe na Mkenke, miti inayoiva msimu gani, mahali pa kupita nyati: haya yote yalikuwa elimu, ila hayakuwa na cheti. Hata fomu za utafiti zilipokuja kuundwa, vyakula vya sokwe vilijulikana humo kwa majina ya wenyeji, mbula, mgwiza, budyankende, kwa sababu hao ndio waliokuwa wanaijua miti.

Novemba 1960 likatokea jambo lililobadilisha vitabu. Dume mmoja mwenye ndevu za kijivu, ambaye Goodall alimwita David Greybeard, alikuwa amechutama kwenye kichuguu. Alichomeka jani refu la nyasi tunduni, akatulia, akalitoa taratibu likiwa limeng'ang'aniwa na mchwa, akawalamba. Baadaye alionekana akikata kitawi na kukipukutisha majani kabla ya kukitumia. Kukipukutisha majani ndiko kulikokuwa na uzito: huko si kutumia tu kitu alichokiokota, ni kukitengeneza. Wakati huo wasomi waliamini kutengeneza zana ni alama ya binadamu pekee. Fedha za mfanyabiashara wa zana zilikuwa zimegundua fundi mwingine asiyekuwa mtu.

Leakey alijua dunia ya wasomi haitamsikiliza katibu muhtasi. Alimtafutia nafasi Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea etholojia, yaani sayansi ya tabia za wanyama, moja kwa moja ngazi ya uzamivu bila shahada ya kwanza. Waliowahi kuruhusiwa hivyo katika historia ya chuo kile walikuwa wachache mno. Alianza mwaka 1962 na kuhitimu 1966. Tufafanue hapa, maana ndipo majina yanapochanganywa. Zuolojia ni elimu ya wanyama kwa upana wake, tangu mwili hadi ukoo. Etholojia ni tawi linalouliza mnyama anatenda nini na kwa nini. Primatolojia inashughulika na jamii moja tu, ya nyani, kima, sokwe na sisi wenyewe, na wanaoingia humo hutokea milango mingi: baiolojia, saikolojia, anthropolojia, hata tiba ya akili. Goodall aliingilia mlango wa etholojia akafanya kazi ya primatolojia.

Msimamizi wake Cambridge, Robert Hinde, alikuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza katika Vita vya Pili, kisha mtaalamu wa ndege. Mwanzoni walivutana sana. Goodall alikuwa amewapa sokwe majina, na aliambiwa mtafiti wa kweli angewapa namba. Aliandika kwamba Fifi, sokwe mtoto, anamwonea wivu mdogo wake Flint wenzake wanapomkaribia. Hinde akamwambia huwezi kuthibitisha wivu, andika kwamba Fifi alitenda kwa namna ambayo, angekuwa mtoto wa binadamu, tungesema ana wivu. Wapo wanaolisimulia tukio hili kama msomi kumbana mwanamke. Mimi nalisoma tofauti, na Goodall mwenyewe alimshukuru Hinde maisha yake yote: rubani yule alimpa silaha ya kusema anachokijua bila kushambuliwa kirahisi.

Kisha kuna kisa cha neno dogo. Makala yake ya kisayansi ya mwanzo ilirudishwa na mhariri akiwa amefuta kila mahali sokwe alipotajwa kwa neno la Kiingereza la mtu mwanamume au mwanamke, akaweka neno la kutajia vitu. Goodall aliyarudisha maneno yake kwa kalamu, na mwishowe makala ikachapwa alivyotaka. Sasa fikiria yule mwandishi wa Gombe na daftari lake. Kwa Kiswahili vita hiyo haipo. Kisu kimeanguka, mti umeanguka, lakini sokwe ameanguka, kama mtoto alivyoanguka. Ngeli ya A-WA inamkaribisha mnyama pale alipo mtu, bila kuuliza mhariri. Mwandishi wa Kiswahili anapoandika "alimnyang'anya, akamkimbiza, akarudi kumkumbatia", hajafanya ujasiri wowote wa kinadharia. Ameandika lugha yake tu. Nadhani hili halijathaminiwa vya kutosha.

Mwaka 1962 alifika Hugo van Lawick, Mholanzi mzaliwa wa Surabaya, mpiga picha za wanyama. Yeye ndiye aliyeifanya Gombe ionekane. Goodall na van Lawick walioana 1964, na picha zake zilileta wafadhili na hatimaye kituo cha kudumu cha utafiti. Lakini kipindi hicho kilikuwa na kosa ambalo halifai kufichwa. Ili kuwazoesha sokwe kambini walianza kuwapa ndizi. Madume wengi wakawa wanakusanyika mahali pamoja wakisubiri chakula, ugomvi ukaongezeka, nyani nao wakajiunga. Utaratibu ukabidi kubadilishwa na ndizi kupunguzwa sana, na baadhi ya wasomi mpaka leo wanahoji ni kiasi gani ndizi zile ziliathiri tabia zilizoandikwa. Anayefundisha habari za Gombe aiseme na sehemu hiyo.

Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Miaka ya mwanzo ya 1970 ilijaa wanafunzi wa kigeni, wengi kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, ambako daktari wa tiba ya akili David Hamburg alikuwa ameanzisha ushirikiano na kituo. Kisha usiku wa Mei 1975 watu wenye silaha wapatao 40 walivuka ziwa kutoka Zaire, wakateka wanafunzi wanne. Rashidi Kikwale alipigwa kichwani akishinikizwa atoe anachokijua, akapoteza usikivu wa sikio moja, na hakusema. Wanafunzi wote waliachiliwa baadaye wakiwa hai. Lakini wageni waliondolewa, na kwa kipindi kirefu hawakuruhusiwa kuishi pale.

Kwa mahesabu ya kawaida, utafiti ungekufa hapo. Haukufa, kwa sababu ulikuwa tayari mikononi mwa watu wa vijiji vya jirani: Hilali Matama, Eslom Mpongo, Yahaya Almasi, Hamisi Mkono na wenzao. Hawakuwa wamesomea zuolojia. Walikuwa vijana wa pwani ile ya dagaa na mawese, waliofunzwa kazi kwa vitendo, kila mmoja akipimwa na mwenzake kama anawatambua wanyama kwa sura na anaona sawasawa. Derek Bryceson, mwanasiasa aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya Nyerere na wakati huo mkurugenzi wa hifadhi za taifa, ambaye Goodall aliolewa naye mwaka huohuo, alisaidia kuupanga upya uongozi wa kituo ili Watanzania waendeshe kazi.

Ukubwa wa Hilali ulikuwa umeshaonekana kabla ya hapo. Tarehe 7 Januari 1974 alishuhudia madume wa kundi la Kasekela wakimvizia Godi, dume wa kundi la kusini la Kahama, alipokuwa anakula peke yake. Walimshika, wakamkandamiza chini, wakampiga na kumng'ata kwa muda mrefu. Godi hakuonekana tena. Hilo lilikuwa shambulio la kwanza katika vita iliyoendelea hadi 1978 na kulimaliza kundi la Kahama, na habari zake zilipotoka wapo wasomi wa mbali waliokataa kuamini kwamba sokwe wanaweza kuuana kwa mpango. Jibu lilikuwa kwenye maandishi ya watu waliokuwepo. Hilali hakuwa na nadharia ya vita ya kutetea. Alikuwa na macho, kalamu na mafunzo ya kutokuongeza neno.

Baadaye wasomi wa Kitanzania wakashika ngazi za juu. Shadrack Kamenya alifikia uzamivu na kuongoza sayansi ya uhifadhi katika Taasisi ya Jane Goodall nchini. Deus Mjungu alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Minnesota kwa kuchunguza ushindani wa makundi jirani ya sokwe, swali lilelile lililofunguliwa na tukio la Godi, kisha akawa mkurugenzi wa utafiti Gombe. Mwingereza Anthony Collins alikuja 1972 kuchunguza nyani na akabaki kwa miongo.

Hadi hapo tumezungumza juu ya utafiti. Kufundisha umma ni kazi nyingine, na hapa watu wa wanyama walilazimika kuazima taaluma za wengine. Mapema miaka ya 1990 Goodall aliruka juu ya Gombe kwa ndege ndogo, akaona msitu wa hifadhi umezungukwa na vilima vilivyokwanguliwa. Mwaka 1994 ukaanzishwa mradi wa TACARE katika vijiji vya jirani, kwanza 12. Wa kuujenga hakuwa mtaalamu wa sokwe. Alikuwa George Strunden, mtu wa kilimo, na timu ya Watanzania waliokwenda kijiji kwa kijiji kuuliza watu wanataka nini. Hawakuambiwa miti wala sokwe. Waliambiwa chakula, afya, shule. Wakaanzia huko, na Emmanuel Mtiti akaja kuuongoza mradi kwa miaka mingi. Lilian Pintea, mzaliwa wa Moldova, alileta picha za setilaiti. Alipoweka picha ya 1972 kando ya ile ya 1999, mpaka wa hifadhi ulijichora wenyewe: kijani upande mmoja, wekundu wa udongo upande wa pili. Wanavijiji walipoonyeshwa picha za karibu zaidi walianza kutambua nyumba, vijito na mashamba yao, na mjadala ukawa wao.

Roots & Shoots, yaani mizizi na machipukizi, ni mpango wa vijana ulioanza Dar es Salaam mwaka 1991, kwenye baraza ya nyumba ya Goodall kando ya bahari. Wanafunzi wa sekondari 12 walifika na maswali yao. Walikerwa na uvuvi wa baruti unaovunja matumbawe, ujangili, watoto wa mitaani, wanyama wanaoteswa sokoni. Mtaalamu wa sokwe angeweza kuwafungulia klabu ya sokwe. Badala yake kila kikundi kiliachiwa kichague jambo la watu, la wanyama na la mazingira pale kilipo. Mpango huo sasa uko katika nchi zaidi ya 60, na wanaouendesha kila siku wengi wao ni walimu wa kawaida wa darasani. Goodall alikufa Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, akiwa bado katika ziara ya kuzungumza na watu.

Karatasi za Gombe nazo zilisafiri. Anne Pusey, aliyefika kituoni kijana mwaka 1970 na kuwa profesa, alizikusanya Minnesota katikati ya miaka ya 1990, kisha Chuo Kikuu cha Duke, ziingizwe kwenye kompyuta. Humo mna shughuli ambayo sijaona ikisimuliwa sana: ya kuyageuza masimulizi ya Kiswahili kuwa Kiingereza. Anayetafsiri "akamfuata" lazima aamue kama mfuataji ni jike au dume, jambo ambalo Kiswahili hakikumdai mwandishi kwenye kila sentensi, kwa kuwa jina la mnyama lilishaandikwa juu. Vitenzi vinapatiwa vingine, na sentensi zinanyooshwa. Lakini ukifika kwenye chakula mtafsiri anatua kalamu. Mgwiza unabaki mgwiza.